Unyayo wa Nyuma ya Mikoko

Mwaka 1953 benchi la kahawa la Mohamedi, jirani na soko la samaki Bagamoyo, lilikuwa na miguu mitatu mizima na mmoja wa kuazima, na waliolikalia walikuwa na akili za mpangilio huohuo. Siku hiyo Majaliwa, fundi viatu, hakuja kunywa, alikuja kuomba. Sharifu, mjomba wa kijana aliyemposa Mina, binti wa Majaliwa, alikuwa amevuka kutoka Unguja, na tangu afike neno lake lilikuwa moja: Mrima, pwani hii ya bara, hamna cha kutazama, basi maharusi wakakae Unguja. Na Majaliwa mtoto wake ni huyo huyo mmoja. Sasa mgeni yuko msikitini. Akitoka kuswali alasiri atakuja hapa aonyeshwe hicho cha kutazama.

— Nipeni kitu, jamani. Magofu keshayaona, kasema ya kwao makubwa zaidi.

— Mpeleke kwenye unyayo, alisema Bwanausi, aliyeitwa Gazeti kwa kuwa hapitwi na habari, hasa zisizotokea. Ule wa jiweni, nyuma ya mikoko. Vidole vitano, bwana wee!

Moyo wa Majaliwa ukarudi mahali pake. Unyayo huo aliusikia tangu hajatahiriwa.

— Wa nani hasa?

— Wa jitu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lenyewe ndilo hilo.

— Jitu babu yako! alifoka Salumu mchoma chokaa, waliyemwita Kadhi kwa kuhukumu kesi asizoitwa. Yule Mreno, kabeba mzinga begani. Mwenda pole hajikwai: kaenda pole, jiwe likabonyea.

— Mreno alivaa buti, Kadhi. Buti lina vidole?

— Lilitoboka.

— Nimwonyeshe mkwe buti lililotoboka? Mimi, fundi viatu?

Mohamedi akamimina kahawa, akasema taratibu:

— Huyo walii. Katoka Maka kwa hatua tatu: Maka, Lamu, hapa.

— Na ya nne kaikanyaga wapi? alidakia Kadhi.

— Haba na haba hujaza kibaba.

Hilo lilisikika kama jibu. Majaliwa akamchukua walii.

Sharifu akafika, salamu zikazunguka, kikombe kikamfikia. Majaliwa akasimulia hatua tatu zote, na kwa kuwa ulimi ulishapata moto, akaongeza kwamba jiwe hunukia udi kila Ijumaa. Sharifu akasikiliza mpaka mwisho.

— Mashaallah. Mguu wa kulia au wa kushoto?

— Naam?

— Msikitini mtu huingia kwa wa kulia, hutoka kwa wa kushoto. Walii hakosei hilo. Ukiwa wa kulia, aliingia Mrima, na kijana wetu atakuja kukaa hapa. Ukiwa wa kushoto, mwenzenu alikuwa anaondoka, na Mina atavuka. Haya, ni upi?

Gazeti akatazama miguu yake. Kadhi akatazama ya Gazeti. Mohamedi akainamisha dele la kahawa juu ya kikombe. Halikutoka hata tone.

— Nani kati yenu aliyeuona?

Majaliwa akasimama, akapandisha kikoi.

— Nisubiri hapa hapa, mkwe. Naenda kuutazama.

Akatoka mbio, akashika barabara ya Kerege, mikoko akaipa kisogo. Benchi zima likamsindikiza kwa macho. Hakuna aliyemwita kumwambia kwamba kapotea njia, maana njia yenyewe hakuna aliyeijua.