Mafuta ya Kumpokea Akimana

Kijiwe cha Nyamiaga ni gogo la mkaratusi lililolazwa kando ya barabara, mbele ya birika la Bernadetha muuza kahawa, na hakuna tatizo la dunia ambalo halijatatuliwa pale, isipokuwa yale yaliyotokea kweli. Asubuhi hiyo ya soko, mwaka ule wa tisini na nne wakimbizi walipokuwa wakimiminika kuvuka mpaka na magodoro vichwani, tatizo lilikuwa ngozi ya Mzee Idefonsi, ambaye kijiwe kilimwita Kigaga. Alikimbia Burundi mwaka sabini na mbili, akapotezana na mkewe Akimana njiani, akalima Bukiriro mpaka jua likamkausha. Juzi salamu zikamfikia: Akimana yu hai, yuko kambini, na siku ya soko atapanda gari aje Nyamiaga kumtafuta. Tangu hapo mzee hakutulia. Aliketi, akasimama, akaketi tena, akajikuna.

— Atanipita huyu, alisema. Aliniacha kijana ninayeng'aa kwa siagi ya ng'ombe. Leo ataona gome la mti.

— Si nilikuambia ujisugue? aliuliza Novatus, aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake yenye kioo kimoja.

— Nimejisugua! Sabuni ya mche na jiwe la kusugulia visigino, mwili mzima. Tazama!

Akapandisha mikono ya shati. Ngozi ilikuwa nyeupe kama imepakwa unga, na viwikoni imepasuka. Ilimwasha vibaya.

— Safi, alisema Profesa. Nyoka hujivua kwanza ndipo ang'are. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Mwana gani hapa?

— Wewe.

Shibuda, utingo wa lori aliyeitwa Grisi, akatema mate pembeni.

— Profesa, umemmaliza mzee wa watu. Sabuni ya mche ni ya mashuka. Ngozi kavu inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, inapakwa mafuta kabla haijakauka, basi. Wahenga walisema, ngozi ivute ingali maji.

— Hiyo methali ni ya kulea watoto.

— Kwani watoto hawana ngozi?

— Mafuta gani? Idefonsi alikuwa ameshasimama.

— Hapo sasa. Bolti ya lori inakaa miaka haizeeki. Kwa nini? Grisi!

— Nimpokee mke wangu nikinuka lori?

— Kidogo tu, usoni.

Alfonce, mkamua pombe ya ndizi, alikuwa akingoja zamu yake kwa shida.

— Acheni uchafu. Ndizi ngumu tunaifanyaje? Tunaifukia shimoni, majani juu, moshi kidogo. Inatoka laini, inanukia. Mzee afukiwe.

— Afukiwe!

— Mpaka shingoni. Siku chache tu.

— Anakuja leo, Alfonce!

— Basi tuongeze moshi. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tuanze sasa hivi.

Bernadetha alichoka kuwasikiliza. Akamsogezea mzee kikopo chake cha mafuta ya mgando. Idefonsi akaanza kujipaka shavu la kulia.

Ndipo akafika mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, akitokea upande wa sokoni.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mzee anaoa?

— Anampokea mkewe, alijibu Profesa. Anakuja na gari la kambini. Hawajaonana tangu sabini na mbili, sasa mzee anaogopa mama atampita asimjue.

Mwanamke akawatazama wote, kisha akamtazama Idefonsi.

— Gari lenyewe si ndilo nililokuja nalo? Tumeshushwa pale juu, jua halijawa kali. Akina mama watu wazima walikuwa wengi, na wote wamepita mbele ya gogo hili. Mzee, wewe hukumjua?

Profesa akavua miwani. Shibuda akachungulia ndani ya kikombe.

Idefonsi aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Macho yake yalishinda kwenye viwiko vyake asubuhi nzima. Na kichwani alikuwa akimngoja binti mwenye shingo inayong'aa kwa siagi, na binti wa namna hiyo hakupita.

Akaacha kahawa yake, akashika njia ya sokoni mbio mbio, shavu moja linang'aa na jingine limepauka. Kila mwanamke mwenye mvi aliyekutana naye alimsimamisha, akamtazama vizuri usoni, akamuuliza:

— Akimana?