Ile Moja ya Mbele

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mzee Isdori, mwenyekiti wa wazazi kutoka Laela. Ndugu wazazi, ndugu wahitimu, nanyi wageni mliopita kwenye matope yote ya Kaengesa ili muwe nasi: wazee, shikamooni. Vijana, mambo?

Mimi mwalimu Gaudiosa leo nina maringo, na siombi radhi. Kamusi ya Kifipa ya kompyuta, waliyoitengeneza wahitimu wetu Emerensiana na Kelvin hapa hapa Kizwite, imepokelewa katika ghala kuu la programu za Linux, mfumo wa kompyuta wa bure. Mtu popote alipo akiandika jina la kamusi, inashuka kwenye mashine yake. Jina lenyewe ni kamusi-kifipa, herufi ndogo tupu, maana ndiyo sheria ya ghala. Kelvin ilimuuma: "Madamu, Kifipa kwa k ndogo? Si kutudharau huku?" Emerensiana akamjibu, "Mshikaji, humo hata Kiingereza kinaandikwa kwa herufi ndogo."

Lakini je, mnadhani tumefika hapa kwa mteremko? Toleo letu la kwanza lilikuwa na salamu ya wakubwa iliyokosewa herufi moja, ikageuka neno ambalo sitalitamka mbele ya mapadri na masheikh. Toleo hilo tulilisambaza asubuhi, na kufika mchana watoto wa shule ya Laela walikwisha kuliandika neno hilo kwenye kadi za babu zao! Mzee Isdori akapiga simu: "Mwalimu, rekebisheni leo hii. La sivyo kesho tunaing'oa, na Kifipa cha kompyuta hakirudi tena shuleni kwetu."

Kelvin akarekebisha alasiri hiyo hiyo. Mashine za Laela zikagoma kulipokea toleo jipya. Kwa nini? Matoleo tuliyapa namba kwa tarehe na saa. Asubuhi Emerensiana alisoma saa ya kompyuta, akaandika kumi. Alasiri Kelvin akaandika tisa, kwa sababu ilikuwa saa tisa, kama alivyofundishwa na mama yake! Mashine haijui saa ya Kiswahili. Inajua kwamba tisa ni ndogo kuliko kumi, na namba ndogo ni toleo la zamani. Ikakumbatia tusi lake.

Kelvin alitaka tungoje tarehe igeuke. Emerensiana akakataa: hata kesho saa zitatugonganisha. Akaanza upya na toleo la moja nukta sifuri. Na kwa kuwa moja haifui dafu mbele ya tarehe inayoanza na mwaka mzima, elfu mbili na kitu, akatanguliza moja nyingine na nukta pacha, alama ya kuiambia mashine: hesabu ya zamani imefungwa, fuata hii. Jua halijazama, Laela wakaipata. Nilitamani kupiga vigelegele peke yangu.

Sasa, alama hiyo ikishawekwa haitolewi. Ukiitoa, namba za zamani zinapanda tena juu. Wiki iliyopita Kelvin aliiona kwenye ghala kuu, akanung'unika kwamba aibu yetu itasomwa milele. Mzee Isdori, ulikuwa umeketi nasi, ukauliza ile moja ya mbele ni ya nini. Emerensiana akakueleza. Ukasema, "Iacheni hapo hapo. Hiyo ndiyo siku niliyopiga simu, mkanisikia."

Emerensiana, Kelvin, simameni watu wawaone. Kamusi sasa ni yenu kuitunza, na simu zitapigwa.

Nami leo mmenisikia. Asanteni sana.