Verna Kallio na Redio Iliyonyamaza Msituni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi Machi, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya magari hapa mjini L'Anse, Verna Kallio atakunja ovaroli yake na kustaafu. Alianza kwa kufunga redio za kaseti kwenye magari. Anaondoka akiwa ndiye anayetafutwa na kila mwenye redio ya satelaiti iliyogoma, kuanzia ghuba yetu hadi mji wa Marquette. Katikati ya hapo amefundisha mafundi, amegombana na mameneja, na ameshinda mashindano yetu ya boling mara nyingi kuliko ambavyo adabu inaruhusu. Atawakumbusha mwenyewe, hata msipomuuliza.

Kuna maneno mawili ambayo Verna ameyapiga vita maisha yake yote ya kazi: "hakuna hitilafu." Ni uvivu uliovalishwa tai. Fundi anaegesha gari uwanjani, anawasha redio, redio inaimba, anaandika maneno hayo, na mteja anarudi kwake akiwa ameonekana mwongo. Uwanja wetu una anga wazi upande wa kusini, na huko ndiko satelaiti ziliko. Hata antena mbovu husikia ikiwa pale. Lakini nani anaishi kwenye uwanja wetu? Watu wanaishi katikati ya misonobari. Kwa hiyo Verna alijiwekea sheria: panda gari la mteja, pita njia ya mteja, kisha ndiyo ushike bisibisi. Ofisi ililalamika kwamba anapoteza muda. Ofisi ilikosea, na ni vizuri jambo hilo liandikwe mahali.

Sheria hiyo ilizaliwa kwenye pikapu ya rangi ya fedha ya Reino Saari.

Mke wa Reino, Aune, husafishwa damu hospitalini Marquette mara tatu kwa wiki, kwa sababu figo zake zimechoka. Njia ni zaidi ya saa nzima, karibu yote msituni, na kurudi ni kubaya kuliko kwenda. Kilichombeba Aune ni idhaa moja ya redio ya satelaiti, ile ya tamthilia za zamani za upelelezi. Majira ya baridi ya mwaka mmoja redio ikaanza kunyamaza, na kila mara ilinyamaza muuaji alipokaribia kutajwa. Mwishowe Aune akamwambia mumewe, "Sindano naziweza, Reino. Njia ndiyo siiwezi tena. Usinipeleke." Wote tulijua kuacha kusafishwa damu kulimaanisha nini.

Verna alikuwa ameshalipokea gari hilo mara mbili. Mara ya kwanza hakuona kitu. Mara ya pili alikuta kutu kwenye kiungo cha waya wa antena, akabadilisha waya wote, akajisifu mbele ya kaunta nzima. Redio ikanyamaza tena siku iliyofuata. Hapo ndipo alipoomba likizo ya siku moja, akamsihi Aune aende safari moja zaidi tu, akakaa kiti cha nyuma.

Palipokuwa wazi, redio ilisema vizuri. Miti ilipoinama juu ya barabara, ikakata. Palipokatwa miti, ikarudi.

"Umeona?" Aune akasema. "Unadhani nazeeka vibaya?"

"Unazeeka vizuri, dada. Kidude cha juu ndicho hakioni anga."

Waliposimama njiani, kijijini Michigamme, kuweka mafuta, Verna alipanda juu ya gurudumu, akafuta theluji kwenye paa, akakwangua ganda la barafu lililofunika antena. Chini ya ukucha wake kikabaki kipande cha rangi ya fedha.

"Mzee Reino, umepaka nini huku juu?"

"Rangi ya bati la paa la sauna. Ilibaki nusu kopo, na chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani ilikuwa imeanza kulila paa la gari."

"Na antena?"

"Ningeiachaje nyeusi peke yake? Ingechekesha."

Kila nyumba ya huku ina sauna, kibanda cha kuogea mvuke, na hilo nusu kopo la rangi ya paa lake, na hakuna anayelitupa. Ni rangi iliyojaa unga wa alumini, unaozuia mawimbi ya redio. Reino aliipaka mara mbili, kwa uangalifu wa mtu anayependa gari lake.

"Umeivalisha kofia ya bati, mzee wangu! Itasikiaje?"

"Bati lililopakwa rangi hiyo halijawahi kuvuja," Reino akajitetea.

Dirisha likashuka. "Reino Saari! Baridi yote hii nailaumu mbingu, kumbe ni wewe na brashi yako!" Kisha Aune akacheka. Reino anasema hakuwa amesikia kicheko hicho tangu majani yalipopukutika.

Verna alikwangua kwa kipande cha plastiki cha kuondolea barafu hadi weusi ukatokea. Waliingia msituni, na redio haikukata. Muuaji alikuwa daktari wa meno. "Nilijua," akasema Aune, na safari iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa koti. Antena mpya ilifungwa wiki hiyohiyo; ile yenye kofia ya bati ingali inaning'inia juu ya benchi la Verna, na tunaomba asiichukue.

Tulimuuliza atafanya nini akistaafu. Tulitarajia jibu la kuvua samaki. Akasema tu kwamba Jumatatu ataamka mapema. Imebidi tusikie mengine kwa Reino: macho yake yamefifia, daktari amemkataza kuendesha, na watoto wao wako mbali. Kabla Reino hajamaliza kumweleza, Verna alikuwa ameshauliza saa ya kuondoka. Jumatatu pikapu ile itaelekea Marquette Verna akiwa kwenye usukani, Aune kando yake, na Reino kiti cha nyuma na chupa ya kahawa na mkate wa iliki, akiwa amekatazwa kugusa brashi yoyote.

Asante, Verna, kwa kuwaamini watu kabla ya kuamini uwanja wetu. Tunakutakia afya njema, theluji iliyosafishwa barabarani mapema, na safari nyingi za kwenda na kurudi. Mkifika kabla muuaji hajatajwa, kaeni kidogo garini. Hospitali itasubiri.