Aliyewahi Sikio la Bwana Shauri

POSTA: Kahama, nimekuunganisha. Sema, mama, Shinyanga wanakusikia.

MBUKE: Nisemee humuhumu? (mlio) Haloo, huko ni ofisi ya ng'ombe? Namtaka karani Onesmo.

ONESMO: Ndiye mimi. Nani mwen— mayu? Ni wewe? Shikamoo.

MBUKE: Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Hujambo huko?

ONESMO: Sijambo. Wewe na simu wapi na wapi? Nani kafa?

MBUKE: Hajafa mtu. Nimekuja posta na Mama Melania, yuko nje kanishikia kuku. Nasikia hiki chombo hakingoji mtu amalize, basi nisikilize. Mdogo wako Theonest ametoka Nyasubi alfajiri na mjomba wako Mageni, kwa lori la pamba. Leo ndiyo anasema mbele ya kamati ya kupunguza ng'ombe.

ONESMO: Najua. Hapa kila mtu anajua. Hata mfagizi kaniuliza, ndugu yako msemaji anafika saa ngapi. Msemaji.

MBUKE: Usianze, baba.

ONESMO: Sijaanza.

MBUKE: Nataka umsaidie jambo moja. Wazee wa chama cha wafugaji wanasema kamati ikishakaa mezani huwa imeshaamua, mtu anasikilizwa kabla. Na wewe uko mlango mmoja na Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya. Theonest akifika, mwingize kwa Bwana, atete naye kidogo tu, amweleze habari ya ng'ombe wa watu walio kwenye zizi la—

ONESMO: Mayu—

MBUKE: —kwenye zizi la mjomba wako Mageni, huko Runzewe. Ndiyo kiini cha maombi yote ya chama kwa serikali. Serikali inahesabu zizi, haiulizi ng'ombe ni wa nani. Mageni anaambiwa ana wengi, auze mnadani, na nusu si wake. Mjane mwenye wawili watatu anapoteza aliowaweka huko bila hata kuulizwa.

ONESMO: Naijua hiyo habari. Niliiandika mimi.

MBUKE: Unasemaje? Inakwaruza.

ONESMO: Nasema niliiandika mimi. Maombi ya kwanza ya chama, nani aliyaandika? Nimesoma mpaka darasa la nane, natumia likizo yangu kwenda Bugarama kukaa na wazee, napigwa na jua, nawaeleza namna ya kuzungumza na wakubwa. Halafu siku ya kuchagua mtu wanamchagua aliyeishia la nne. Herufi nilimfundisha mimi, kwa mkaa, kwenye ukuta wako.

MBUKE: Nakumbuka. Niliupaka upya ukuta.

ONESMO: Sasa hata sokoni unaitwa Mama Theonest. Usibishe, Donatus wa duka aliniambia.

MBUKE: Wananiita. Siitiki.

(mlio mrefu)

ONESMO: Walisema nini siku ile? Wazee.

MBUKE: Mzee Pantaleo alikutetea mpaka sauti ikamkauka. Wengine wakasema karani anakula kwa serikali, ataibishiaje serikali kwenye meza yake. Wakavutana hivyo, kisha wakaniuliza mimi, kwa kuwa nyote wangu.

ONESMO: Na wewe?

MBUKE: (kimya)

ONESMO: Haloo? Mayu, upo?

MBUKE: Nipo. Nilisema Theonest.

ONESMO: Haya.

MBUKE: Onesmo, nis—

ONESMO: Nimesema haya. Basi, yameisha.

MBUKE: Hayajaisha. Nilikuogopea kazi yako. Karani akisimama na wafugaji leo, kesho kiti chake kina mtu mwingine. Theonest hana kiti cha kunyang'anywa. Hivyo tu. Sikukuambia, nilijua ungesema nakuonea huruma.

(mlio)

ONESMO: Ungeniambia.

MBUKE: Nakuambia sasa. Basi utamwingiza kwa Bwana?

ONESMO: Haina haja. Bwana Shauri anajua mambo ya kwetu.

MBUKE: Anajua yapi?

ONESMO: Ya ng'ombe. Aliniuliza juzi. Alikuwa na barua ya chama mezani, akaniuliza, huyu Theonest ni mtu gani, mama yake ana ng'ombe wachache kweli?

MBUKE: Ukamjibu nini?

ONESMO: Nilimjibu kweli.

MBUKE: Kweli gani, baba?

ONESMO: Kwamba hapo nyumbani ni wachache. Wengine wako Runzewe.

MBUKE: Ukamwambia wako Runzewe kwa desturi? Kwamba Mageni anakamua, mimi napata ndama, kama ilivyokuwa kwa babu zenu?

ONESMO: Hakuuliza desturi.

MBUKE: Onesmo.

ONESMO: Nilisema wamepelekwa huko.

MBUKE: Wamepelekwa. Kama kitu cha kufichwa.

ONESMO: Sikusema kufichwa. Yeye ndiye alisema. Alicheka, akasema kumbe mjane anatuchezea.

MBUKE: Na wewe ukacheka?

ONESMO: (mlio) Nilikuwa nimesimama tu pale.

MBUKE: Mungu wangu. Sasa mtoto ataingia pale aseme mama yangu ni mjane, ana wachache, wengine amemkabidhi mjomba, na Bwana ameshakaa anamngoja kama mwongo. Si sisi tu. Wajane wote walioweka vidole gumba kwenye yale maombi watatupwa pamoja naye.

ONESMO: Watu wameshatumwa Runzewe kupiga chapa ng'ombe wa mnada. Walitoka jana.

MBUKE: Kwa Mageni?

ONESMO: Kwanza kwa Mageni.

MBUKE: Sikuwazaa ninyi wawili ili mmoja awe jicho baya kwa mwenzake. Sikia, silii. Nakuonya. Kijicho kinaanza hivi hivi, na mtu anasema alisema kweli tu.

ONESMO: Sikutaka ifike huku. Nilitaka Bwana ajue kwamba mtu wa kuulizwa ni mimi. Basi.

POSTA: Mama wa Kahama, muda wako unakwisha.

MBUKE: Ngoja kidogo, bwana. Onesmo, kamati haijakaa bado?

ONESMO: Bado. Wanakunywa chai.

MBUKE: Basi mngoje Theonest mlangoni. Mwambie ulivyosema, neno kwa neno, kabla hajaingia. Aanze yeye na Runzewe, aeleze desturi mwenyewe, asingoje kuulizwa. Na wewe uingie naye, useme mbele ya Bwana kwamba ni desturi, na juzi hukumaliza.

ONESMO: Nikisema hivyo mbele ya kamati, kiti changu—

MBUKE: Najua.

ONESMO: Na Theonest atajua ni mimi.

MBUKE: Atajua.

ONESMO: Mayu, ameshafika. Yuko ng'ambo ya barabara na mjomba Mageni. Mjomba leo kavaa viatu. Theonest ananipungia mkono.

MBUKE: Anakupungia, na wewe um—

(mlio, simu inakatika)

ONESMO: Mayu? Haloo?

POSTA: Kahama amekatika. Nikuunganishe tena?

ONESMO: Hapana. Niache nitoke, nina watu mlangoni.