Mhandisi Jenoveva Makongoro, Aliyeunganisha Hesabu na Michoro

Marehemu Mhandisi Jenoveva Makongoro alizaliwa Butiama tarehe 14 Machi 1974, mtoto wa tatu wa wakulima, Mzee Makongoro na Mama Matiko. Shule ya msingi alisoma hapo hapo nyumbani, sekondari Musoma, kisha uhandisi wa majengo Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1999.

Mwaka 2006 alifungua ofisi Nyasho, mjini Musoma. Yeye alipiga hesabu za uimara wa majengo. Michoro ilichorwa na Revocatus Machage, mtu mpole asiyependa kurudia kazi. Kila Jenoveva alipobadilisha hesabu, Revocatus alichora upya, na kutwa walibishana mchoro upi ndio wa sasa. Walibishana hadi wakazoeana, wakazoeana hadi wakafunga ndoa kanisani Butiama, tarehe 9 Agosti 2008. Ubishi waliuhamishia nyumbani.

Mwaka 2016 Jenoveva alinunua programu ndogo ya nyongeza, inayounganisha programu ya hesabu na ile ya michoro. Ukirekebisha nguzo kwenye hesabu, mchoro nao unabadilika. Pasipolingana, panawaka rangi nyekundu. Revocatus alihofia atakosa kazi. Mkewe akamwambia bado ni yeye anayejua mlango ufungukie wapi usigonge kitanda.

Aliijaribu kwanza kwenye bweni la wasichana lililokuwa likijengwa Bunda, ambalo lilikuwa limeongezwa ghorofa katikati ya kazi. Nguzo mbili za chini zikawaka nyekundu: hesabu zilitaka nondo nene, mchoro ulibaki na nyembamba za mwanzo. Zege lilikuwa limwagwe kesho yake. Alfajiri mume na mke wakaenda Bunda. Fundi mkuu, Mzee Hamduni, alieleza kwamba nondo zimeshafungwa, saruji ipo na vibarua wamefika.

"Zifunguliwe, Mzee wangu," Jenoveva alisema. "Watoto watalala juu ya hizi nguzo."

Mzee Hamduni alitazama mchoro mpya, akauliza maswali yake, kisha akachukua koleo na kukata waya wa kwanza uliofunga nondo kwa mkono wake. Bweni hilo limejaa wasichana hadi leo, na Mzee Hamduni akawa ndugu. Kila Idi pilau yake ilifika Nyasho.

Revocatus alipenda kusema, "Tulikuwaga tunagombana kila siku. Programu imetupatanisha, sasa sina cha kuongea na mke wangu."

Oktoba 2024 Jenoveva aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Mwanza. Waliokuja kumwona na nyuso za msiba aliwaomba wasimulie kwanza jambo la kuchekesha. Aliitwa na Bwana asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025, nyumbani Nyasho, mkono wake ukiwa mkononi mwa Revocatus.

Ameacha mume, watoto wawili, Gasper na Jenipher, na mama yake mzazi, Mama Matiko. Aliagiza leo asizimie mtu. Anayetaka kuzimia akazimie kwake. Na tukitoka makaburini tule, chakula kisipoe.

Mungu ampe pumziko jema, mama aliyetucheka na kutupenda.