Festo Farajala, Seremala Aliyetuletea Houston

Padre wetu, wazee wetu, majirani wa Michenzani popote mlipotawanyika, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mliofika hapa Mbweni leo Alhamisi, tarehe 8 Juni 1972, mimi ni Lawrensi, mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii niisome, na nitaisoma kama ilivyo, maana tangu juzi nimekufa ganzi, sijalia wala sijalala, na nikianza kuongeza yangu sijui nitaishia wapi.

Marehemu Festo Farajala alizaliwa hapa hapa Mbweni tarehe 9 Novemba 1914, mtoto wa kwanza wa Mzee Farajala, seremala wa misheni, akasoma shule ya misheni tangu mwaka 1922 hadi 1928, akaishia darasa la sita kwa sababu baba alimtaka kwenye randa na msumeno, na tarehe 3 Aprili 1935 akaajiriwa Idara ya Ujenzi, akitengeneza milango, madirisha na ngazi za nyumba za serikali. Tarehe 27 Disemba 1941 alifunga ndoa na Bi Agata, huyu mnayemwona hapa mbele, katika kanisa la Mkunazini, wakahamia Michenzani kwenye nyumba ya udongo na makuti yenye baraza mbele, wakajaaliwa watoto watatu, Edwini mwaka 1943, Veronika mwaka 1946, na Klementi aliyezaliwa na kufa mwaka 1949, na wote watatu walipokelewa na Bi Kidawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mkunga wa mtaa mzima, mama yake Shaame fundi baiskeli. Mtaani marehemu alitengeneza majeneza ya Wakristo, na jeneza la msikiti likilegea mguu alilitia misumari yeye, bila kungoja kuombwa.

Mwaka 1960 alikwenda kufanya useremala katika kituo cha Wamarekani pale Tunguu, kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya angani, na tuseme ukweli mbele ya Mungu, hapo ndipo ndugu yetu alipotekwa akili. Palikuwa na mafundi wawili, mmoja kwao Baltimore, mji wa zamani wa bandari, mwengine kwao Houston, mji ulionenepa juzi juzi kwa mafuta ya petroli, na kila ikifika saa ya chai walibishana mji upi ndio mji, Festo akiwa katikati na kikombe chake, akisikiliza Kiingereza alichokifahamu nusu, nusu nyingine akiimalizia mwenyewe. Yule wa Baltimore alisema kwao nyumba ni za matofali, zimeshikana bega kwa bega mtaa mzima, na kila mlango una vidaraja vya kupandia vya mawe meupe ambavyo mama yake alivisugua kila Jumamosi na kukaa hapo jioni, lakini sasa watu wanahama, wanakwenda kujenga nje ya mji, na vidaraja vinabaki havina wa kuvikalia. Yule wa Houston alisema kwao ardhi ni tambarare, kila mwaka linasimama ghorofa jipya refu kuliko la mwaka jana, barabara ni pana na hakuna anayeulizia la zamani.

Marehemu alipenda kusimulia kwamba mwaka ule ule wa 1960 Wamarekani walihesabiwa, na miji ile miwili ikaonekana iko sawasawa, kila mmoja una watu karibu laki tisa na elfu arobaini, mmoja ukishuka na mwengine ukipanda, kama watu wawili waliopishana kwenye ngazi. Yeye alishika upande wa anayepanda, mwili na roho. Mafundi wale walimpa picha mbili za miji yao zilizopigwa kwa mbali, Baltimore na minara ya makanisa na mabomba ya viwanda yenye moshi, Houston na maghorofa yaliyosimama peke yao juu ya uwanda mtupu, akazitundika ukutani pamoja, na kila mgeni aliyekuja kunywa kahawa ilimpasa achague moja kabla hajapewa kikombe.

Yalipokuja Mapinduzi ya Januari 1964, kituo cha Tunguu kikafungwa mwaka huo huo, Wamarekani wakaenda zao, picha zikabaki. Mwaka 1965 marehemu aliingia katika ujenzi wa majumba mapya ya Ng'ambo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa maseremala, na wakati ule alikuwa na furaha ambayo hatukumwona nayo tena, siku za mapumziko anakwenda Mtoni kwa miguu, anasimama ufukweni kuutazama mji, anatuonyesha kwa kidole mnara wa Beit el-Ajaib, minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Minara Miwili, anasema hiyo ndiyo Baltimore, itazameni vizuri maana inaporomoka, na huku nyuma, kwenye makuti yetu, ndiko itakakosimama Houston. Mtaani wakambandika jina Mzee Houston, naye akiitwa huitika naam. Bi Kidawa, ambaye ulimi wake ulikuwa haulali na njaa, alimwuliza siku moja mbele ya watu, haya Mzee Houston, na huko kwenu jioni watu hukaa wapi, na Festo akajibu kwamba kwa alivyosimuliwa watu hukaa ndani ya magari yao, na baraza zima likacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Sasa linafuata jambo ambalo marehemu mwenyewe, akiwa amelazwa, alituagiza tuliandike humu, sisi wa familia tukamkatalia, akatuambia basi msisome chochote, nizikeni kimya, kwa hiyo tunalisoma. Mwezi wa Februari 1970, ilipojulikana kwamba njia ya majumba mapya itapita juu ya nyumba zetu, watu wa nyumba kumi na mbili walikaa barazani kwa Bi Kidawa wakaandika barua, hawakukataa kuhama, waliomba kitu kimoja tu, wahamishwe pamoja, wapewe viwanja jirani, wazee wasipoteane, na Bi Kidawa akatia dole gumba chini kabisa kwa sababu alisema yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kuondoka. Barua alikabidhiwa Festo, maana ndiye aliyejulikana kazini na wakubwa, na Festo hakuipeleka. Hakuipoteza, na wala hakuna aliyemzuia, aliitia katika sanduku la vifaa chini ya patasi, kwa sababu aliona ni maneno ya watu wa Baltimore, aliona mji unaokua haukai kuulizana nani atakaa na nani, na majirani walipomwuliza majibu aliwaambia subirini, mambo yanakwenda. Afisi haikujibu barua ambayo haikuiona, na wala hatujui ingejibu nini.

Tarehe 14 Septemba 1970 nyumba zilibomolewa, ya Festo ikiwa ya kwanza, mwenyewe akivua milango, na watu wakatawanyika kila mmoja alikopata, wengine Mpendae, Festo akiwa mmoja wao, wengine Mtoni, wengine mashamba, na Shaame akamchukua mama yake kwa jamaa zao Mangapwani. Tarehe 22 Februari 1971 Bi Kidawa alifariki huko, akazikwa siku hiyo hiyo, na Festo hakupelekewa habari. Alizisikia siku nane baadaye sokoni Darajani, kwa Machano muuza samaki, ambaye alidhani anamwambia mtu anayejua, na watu waliokuwepo wanasema alirudisha samaki mezani, akauliza mara mbili, amezikwa, nami sikuambiwa. Nyote mnajua maana yake, kwetu mtu anaweza kunyimwa salamu akavumilia, lakini kunyimwa habari ya msiba ni kuambiwa kwamba wewe si mwenzetu.

Kesho yake alikwenda Mangapwani. Shaame alitoka, akaitikia salamu, hakumkaribisha kukaa, akamweleza kwamba mama kila jioni alikuwa akiomba atolewe nje barazani, akitolewa anatazama huku na huku, anauliza wenziwe wako wapi, kisha anaomba arudishwe ndani. Festo akamwambia habari ya barua pale pale, amesimama juani, akaomba radhi, na Shaame akasema nenda, siku ya kukusamehe bado.

Kuanzia hapo marehemu hakuwa na kazi nyengine. Picha zote mbili alizichana. Alizunguka nyumba zote, ukiacha yake na ya Bi Kidawa, nyumba kumi aliingia na kukiri kwa mdomo wake, wengi walimsamehe kabla hajamaliza, wengine walimwambia acha Mzee, hata ungeipeleka pengine ingekuwa yale yale, naye alikataa kufarijiwa hivyo, akisema mkono ulioificha ni wangu. Mangapwani alikwenda mara saba. Mwezi wa Novemba 1971 miguu ilianza kuvimba na pumzi kukata, tukamkataza safari, akaenda hivyo hivyo mwezi wa Januari na mwezi wa Machi, akarudi na jibu lile lile. Tarehe 19 Mei 1972 alilazwa kwa maradhi ya moyo, na Jumanne tarehe 6 Juni, saa nne na nusu asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Juzi usiku tulibishana kama tupeleke habari Mangapwani, tulio wengi tuliona haya, na hapana haja ya kuficha kwamba tuliogopa pia, lakini Bi Agata alisema pelekeni, yeye alinyimwa, sisi hatumnyimi mtu. Leo asubuhi Shaame amefika na baiskeli yake, akaomba ashike jeneza upande wa mbele, na alipoulizwa na mzee mmoja kama sasa amesamehe, alijibu kwamba amekuja kuzika, kusamehe bado hakujamfikia, na hataki kusema uongo mbele ya maiti. Tumeona vyema tuliseme hapa, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu njiani, kwa sababu hakutukosea kitu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku kumi na nane, majirani wa Mpendae waliotupokea na kutupikia, maseremala wenzake waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao wakakataa kutuambia limegharimu nini, na nyinyi watu wa Michenzani mliokuja kwa miguu kutoka kila upande, mkasimama pamoja pale mlangoni kwa mara ya kwanza tangu mtawanyike, jambo ambalo yeye hakuliona.

Pumzika kwa amani, kaka, safari za Mangapwani tutakwenda sisi.