Mama Chujio na Mto Uliobebeshwa Sumu

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, kitinda mimba wa fundi bomba na mkewe mfinyanzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha kusukuma maji. Watoto wengine walibembelezwa kwa hadithi. Yeye alilala kwa ngurumo ya pampu, na ilipozimika ghafla ndiye aliyeamka wa kwanza kumwita babake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1986. Mwalimu mmoja alimuuliza mbona anabishana na kila jibu.

"Sibishani, mwalimu," akasema. "Ninalisuuza tu."

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya idara ya maji, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wake. Siku moja, akitafuta kitambaa cha kuchujia maji ya mto, aliingia kwa fundi cherehani.

"Nikushonee nini, dada?"

"Wavu wa kuvulia visivyoonekana."

Fundi alicheka, akashona. Kesho yake wavu ukarudi. "Huu unamwaga nyuzi zake wenyewe. Utanifanya niusingizie mto." Ukarekebishwa, ukarudishwa tena na tena, hadi majirani wakasema si bure. Kweli haikuwa bure: walifunga ndoa Agosti 1990, wakajaliwa mabinti wawili, na mtaa mzima ukamwita Mama Chujio.

Katika nyavu hizo ndimo alimokuta plastiki: vipande vidogo kuliko ufuta, vikitoka kwenye kiwanda kilicho sehemu ya juu ya mto, kinachoosha magunia na madumu makuukuu. Alipovipima aligundua kwamba dawa za mashambani na rangi za viwandani, zilizotawanyika majini, zilikuwa zimejishikiza juu yake. Samaki walivimeza pamoja na mizigo yake.

Katika kikao cha wakubwa, mwenye kiwanda alisema plastiki haimdhuru mtu, inaingia tumboni na kutoka. Marehemu akasimama.

"Mnamkagua hamali, mnaacha mzigo! Mzigo ndio sumu."

Aliamriwa alifute neno hilo kwenye taarifa yake. Akakataa katakata. Wakamhamishia stoo ya vipuri, mtaalamu wa miaka yote ile, akahesabu koki na mipira ya mabomba!

Habari zilipoenea na wateja wakawasusa samaki, wauza samaki nao walimjia juu: "Mama, umetuharibia riziki!" Hakuwakimbia. Aliketi kwenye benchi lao, akashika kisu, akapasua samaki mmoja baada ya mwingine akiwaonyesha. "Kutoa utumbo ni kupunguza tu, wanangu. Dawa yake ni kulifunga lile bomba la kiwanda linalomwaga uchafu mtoni." Waliokuja kumtukana ndio walioandamana naye hadi kwenye geti la idara.

Geti halikufunguliwa. Lakini mwaka 2016 bomba la kuchotea maji ya mtaa wa wakubwa lilihamishwa kimyakimya, likapelekwa sehemu ya mto iliyo juu zaidi ya kiwanda. Letu likaachwa palepale, chini yake. Kumbe waliamini kila neno! Mtu hakimbii maji asiyoyaogopa. Walijiokoa, wakatuacha tunywe, na hadi leo tunakunywa.

Alistaafu mwaka 2022. Mwaka uliofuata figo zikaanza kumsumbua. Binti yake mdogo, ambaye ni muuguzi, akalia: "Mama, ni maji haya haya."

"Hilo sikulipima," akamjibu, akihema. "Msiniwekee mdomoni nisichokithibitisha, watapata pa kutokea. Mto niliupima. Semeni hilo, na mlipaze."

Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana idara ilituletea shada la maua ya plastiki. Ndiyo, ya plastiki. Binti mkubwa alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru dereva aliyelileta, maana yeye hana kosa, kisha akamrudishia alipeleke lilikotoka.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, na wauza samaki waliofunga meza zao leo ili wawe hapa.

Mama, umefanya kazi yako. Apumzike kwa amani aliyechoka kwa haki. Sisi tunaorudi nyumbani kufungua bomba lile lile, bado hatujapewa ruhusa ya kupumzika.